Marumaru ya Kwenye Simu

Simu ile ilidumu dakika nne. Najua kwa sababu mambo yalipoharibika niliirudia kwenye orodha ya simu zilizoingia, nikitafuta mahali hasa tulipoanza kukosea. Wakati huo biashara yangu ya usafi wa nyumba ilikuwa na wafanyakazi wanne na kitabu cha ratiba kilichojaa kiasi kwamba nilikuwa nakifungua kila jioni kukitazama tu. Siku tatu baada ya simu hiyo, sakafu ya bafu la mteja mpya ilikuwa imepoteza mng'ao, na hakukuwa na sabuni wala kitambaa cha kuurudisha.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu wanaoanza kazi hii huniuliza wanunue dawa gani na wateja wawapate wapi. Ni maswali ya haki kabisa. Lakini dawa peke yake isingeharibu bafu lile, na kijana aliyeshika chupa alikuwa mtu wa mwisho kwenye mlolongo wa makosa. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Dakika nne

Aliyepiga alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti. Alitaka tumsafishie nyumba kila baada ya wiki mbili. Nikamuuliza niliyozoea kuuliza: vyumba vingapi, bafu ngapi, kuna ngazi, kuna mnyama anayekaa ndani. Nikamuuliza pia mara ya mwisho nyumba ilisafishwa lini.

"Huwa inafagiliwa, mwanangu. Si chafu." Kisha akaongeza, "Ila bafu lote ni marumaru, mpaka ukutani."

"Sawa mama, hilo halina shida."

Neno marumaru, kwa Kiswahili tunachoongea kila siku, lina maana mbili. Kuna marumaru yenyewe, jiwe linalochimbwa, likapasuliwa mabamba na kung'arishwa. Na kuna vigae vya kauri vya kiwandani, ambavyo watu wengi, mafundi wakiwemo, huviita marumaru vilevile. Nimeingia nyumba nyingi zilizosemwa kuwa za marumaru nikakuta vigae, hata sikio langu likaacha kuuliza. Mama alisema jiwe; mimi nikasikia vigae. Na ukiangalia vizuri utaona kwamba yeye alikuwa akinitahadharisha. Mtu hakutajii sakafu ya bafu lake kwenye simu ya dakika nne bila sababu.

Nikamtajia bei palepale. Bei moja kwa kila ziara, ya kwanza na zote zitakazofuata. Niliipiga kichwani kwa saa 6 za kazi, yaani watu wawili kwa saa tatu, kwa sababu ndivyo zilivyokuwa zikituchukua nyumba nyingine za ukubwa ule tulizokuwa tukizihudumia kila baada ya wiki mbili.

Hilo kosa la pili ningependa anayeanza alisome polepole. Nyumba unayoirudia kila baada ya wiki mbili ina uchafu wa siku 14. Nyumba unayoingia mara ya kwanza ina uchafu wote uliokusanyika tangu mtu aliposogeza jiko mara ya mwisho, na huo ni uchafu wa aina nyingine kabisa. Mafuta ya kupikia yaliyorukia kwenye kofia ya jiko na juu ya makabati, yakikaa miezi kwenye joto na hewa, huganda yakawa kama vanishi inayonata. Vumbi likidondokea humo linakuwa sehemu yake. Maji magumu, yaani yenye madini mengi, yakikauka kwenye bomba na ukutani huacha tabaka jeupe, la kesho likikaa juu ya la jana, hadi linakuwa ukoko. Kuvitoa vitu hivi kunahitaji kulowesha, kusubiri, kusugua na kurudia. Huwezi kukimbiza hatua ya kusubiri hata ukiwa na mikono mepesi namna gani. Mwenye nyumba anaposema si chafu, anasema kweli kwa macho yake, kwa sababu anaiona kila siku.

Siku yenyewe

Saa tatu asubuhi waliingia wawili: dada mmoja mzoefu ambaye alikuwa nami tangu mwanzo, na kijana aliyekuwa katika wiki yake ya tatu kazini. Mpango ulikuwa dada afanye jiko kwa saa moja kisha bafu, kijana afanye vyumba vya kulala na sebule, saa sita wawe wamefunga mlango. Saa saba walikuwa na mteja mwingine.

Jiko peke yake lilimla dada zaidi ya saa mbili. Saa sita, muda wa kuondoka, bafu lilikuwa halijaguswa na sebule iko nusu. Akanipigia.

"Dada, hapa hatumalizi."

Nilichomjibu nakikumbuka neno kwa neno, na ningependa kukifuta. "Jitahidini, huyu mama ni mpya, tusimwangushe. Wa saa saba nitamwambia mnachelewa kidogo." Sikumwambia waache nini. Niliwapa haraka tu, nikakata simu nikidhani nimewasaidia.

Kwa hiyo bafu likaenda kwa kijana. Kwenye kikapu chake kulikuwa na chupa tatu za kupulizia, zimeandikwa kwa mkono wangu: JIKO, VIOO, BAFU. Nilikuwa nanunua dawa kwenye madumu makubwa kwa kuwa huwa nafuu, halafu naigawa kwenye chupa ndogo. Kwenye dumu la dawa ya bafu, upande wa nyuma, kuna maandishi madogo yanayosema isitumike kwenye marumaru na mawe mengine ya asili. Dumu lilikuwa stoo. Chupa iliyokwenda kazini ilisema BAFU, na kijana alikuwa amesimama bafuni.

Akapulizia ukuta wa chini, kaunta ya sinki na sakafu kuzunguka sehemu ya kuogea, palipokuwa na ukoko mweupe mwingi. Dawa ikaanza kufanya povu. Kijana akatoka hadi mlango wa jiko.

"Dada, inatoa povu."

"Ndivyo inavyofanya kazi. Iache dakika chache, kisha sugua."

Kwenye vigae, jibu hilo ni sahihi kabisa. Walimaliza saa nane na nusu, wakapiga deki, wakaondoka sakafu ingali na maji.

Jioni mama akanipigia. "Mwanangu, sakafu yangu ina ukungu na haufutiki. Njoo uone."

Nilikwenda nikiamini ni mabaki ya sabuni. Nilipochutama na kuitazama sakafu kwa upande, mwanga wa taa ukiiteleza, niliona michirizi yenye umbo la maji yanayotiririka, na karibu na mlango duara kamili, saizi ya kitako cha chupa ya kupulizia. Nikapitisha kidole. Palipong'aa palikuwa laini kama kioo. Ndani ya duara palikuwa na mkwaruzo kama wa chaki. Hapo ndipo nilipoelewa ni marumaru ipi mama aliyokuwa ameisema.

Kilichotokea kwenye jiwe

Marumaru ni kalsiamu kaboneti kwa sehemu kubwa. Ukoko wa maji magumu nao, kwa sehemu kubwa, ni kalsiamu kaboneti. Dawa ya kuondoa ukoko ni tindikali iliyotengenezwa makusudi kuyeyusha madini hayo, kwa hiyo ikimwagwa kwenye marumaru yenye ukoko haiwezi kujua ukoko unaishia wapi na sakafu inaanzia wapi. Povu ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka tindikali inapokutana na kaboneti. Kwenye kigae povu linasema ukoko unatoka. Kwenye marumaru povu linasema ukoko unatoka, na baada ya hapo linasema sakafu inatoka.

Kigae cha kauri huvumilia kwa sababu uso wake umepakwa tabaka linalofanana na kioo, na tindikali za kawaida za usafi hazilili. Granaiti nayo ni jamaa mwingine; madini yake hayatoi povu kwa siki. Lakini mawe ya chokaa na travatini ni ukoo mmoja na marumaru, na terazo nyingi zimetengenezwa kwa vipande vya marumaru na saruji, ambavyo vyote viwili huliwa. Nasisitiza pia siki na ndimu, kwa sababu watu huziona ni vitu vya jikoni visivyodhuru. Siki ina pH, yaani kipimo ambacho kikishuka chini ya 7 tindikali inazidi kuwa kali, kati ya 2 na 3; ndimu iko karibu na 2, na kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi. Nimeshamwona mtu aliyekataa dawa za dukani kwa nia njema akapoteza mng'ao wa kaunta yake kwa ndimu.

Jambo ambalo wafanyakazi wangu wasingeweza kulijua siku ile ni kwamba alama hii haionekani ikiwa na maji. Si doa, hakuna kilichoongezeka juu ya jiwe ambacho ungekitoa. Uso umechimbika vishimo vidogo mno, mwanga ukipiga unatawanyika badala ya kurudi, na jicho linaona ukungu. Maji yakijaza vile vishimo, uso unasawazika na sakafu inang'aa kama kawaida. Wangeikausha kabla ya kuondoka, wangeiona.

Karatasi mezani

Kesho yake niliketi na wote wawili na karatasi tupu, tukaandika siku nzima tangu saa tatu asubuhi. Nilianza kwa kuwaambia kwamba sitafuti wa kumfukuza, na nilimaanisha. Hapo ndipo lilipotoka suala la povu, suala la chupa, na ile simu ya saa sita.

Halafu kijana akasema jambo ambalo sikuwa nimeliuliza. Alipopulizia dawa ileile chooni, harufu kali ilimkaba koo, akafungua dirisha na kwenda nje kukohoa. Alidhani ndivyo dawa ilivyo. Nikampigia mama, na kwa upole wake wote akaniambia kwamba asubuhi, kabla hatujafika, alimwaga dawa ya klorini chooni ili atupunguzie kazi.

Dawa ya klorini ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyoachiliwa juu ya wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915 katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ndani ya bafu dogo lenye dirisha lililofungwa haihitaji kuwa nyingi. Mabaki yaliyokuwa chooni yalikuwa kidogo na kijana alikuwa na akili ya kutoka. Kwangu mimi hili ndilo lilikuwa tukio kubwa la siku ile, na lilikaribia kupita bila kuandikwa popote kwa kuwa hakuna kilichoharibika.

Tangu hapo, choo huvutwa maji kabla ya kuwekwa kitu chochote, dirisha hufunguliwa kwanza, na mteja huulizwa mlangoni kama ameshaweka dawa yoyote mahali popote. Chupa ya klorini haikai kikapu kimoja na chupa ya tindikali, wala na dawa yenye amonia, maana klorini na amonia nazo zikichanganyika hutoa moshi wa sumu. Anayesikia harufu inayokaba anatoka, mteja awepo asiwepo, kazi iwe imebaki kiasi gani.

Ndugu yangu mmoja alinishauri nimkate kijana mshahara ili iwe fundisho. Nilikataa, na nitaeleza sababu. Katika nchi nyingi sheria inabana sana kukata mshahara kwa ajili ya hasara ya kazini, hilo moja. Lakini hata pasipo sheria, huyu alikuwa ameona povu, akalitilia shaka, akaacha kazi na kwenda kuuliza. Alifanya kile hasa ninachotaka kila mfanyakazi wangu afanye. Ningemkata yeye, wenzake wangejifunza kutouliza, na kile kikohozi cha chooni nisingekisikia kamwe. Aliyemjibu pia simlaumu. Nilimfundisha mimi kwamba kila chumba kina chupa yake. Ningekuwa nimemfundisha kwamba kila chupa ina kitu inachokula na kitu inachoharibu, angeweka kitambaa chini akaenda kutazama.

Bima, na maneno niliyoyasema nikiwa nimechutama

Nilikuwa na bima ya dhima na nilikuwa nailipia bila kukosa. Wakala akanisikiliza, akaniomba picha, siku mbili baadaye akanijibu hapana. Bima yangu ilifidia mali ya mteja tunayoiharibu kwa bahati mbaya tukiwa kazini, lakini iliacha nje kile kitu chenyewe tunachokifanyia kazi. Ngazi yetu ingedondokea kioo cha kabati, wangelipa. Sakafu tuliyokuwa tukiisafisha ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Kipengele hicho ni cha kawaida sana katika bima za aina hii, na kwa biashara ya usafi ni shimo kubwa, kwani karibu kila tunachoweza kukiharibu ni kitu tunachokisafisha. Kuna nyongeza inayoziba shimo hilo. Inagharimu zaidi, na sasa ninayo. Anayeanza amuulize wakala swali hili kwa maneno haya: nikiharibu sakafu ninayoisafisha, mnalipa? Asiridhike na ndiyo ya mdomo, aonyeshwe ukurasa.

Kulikuwa na jambo lingine. Jioni ile bafuni nilimwambia mama, "Hili ni kosa letu, nitalipa lote." Mikataba mingi ya bima inakutaka uwaarifu kwanza kabla ya kukubali wajibu, na ukishakubali wanaweza kukataa kulipa kwa sababu hiyo pekee. Kwangu haikubadilisha kitu kwa vile walishakataa kwa sababu nyingine. Sijutii kuomba radhi. Mtu aliyeharibiwa nyumba hastahili kuzungumzwa kwa lugha ya wanasheria. Ila leo ningesema: "Mama, pole sana. Nimeona, nimepiga picha, na kesho kabla ya mchana nitakuambia tunalirekebishaje." Radhi ipo ndani yake, na ahadi ninayoweza kuitimiza ipo. Kiasi cha pesa bado.

Fundi wa mawe alifanya kazi siku mbili. Alisaga uso kwa pedi za almasi, akianza na ya chenga kubwa akishuka hadi laini kabisa, akamalizia kwa unga wa kung'arishia. Ilibidi asage sakafu nzima, kwani ukisaga duara moja unapata duara linalong'aa kuliko majirani zake. Nilimlipa mwenyewe kwa awamu mbili, na jumla yake ilizidi malipo ya ziara ishirini za nyumba ile. Mama alikagua, akaridhika, akanishukuru, akanipa hata malipo ya ile ziara ya kwanza ambayo sikuwa nimethubutu kuyadai. Hakuniita tena. Nilimtumia ujumbe mara moja baada ya mwezi, akanijibu kwa wema kwamba kwa sasa atasafisha mwenyewe.

Hesabu iliyokuwa imeshakufa

Sakafu isingeharibika, je, nyumba ile ingenilipa? Hili nilikuja kulipigia hesabu wiki kadhaa baadaye, na ndilo lililonibadilisha zaidi ya lile jiwe.

Chukua bei niliyomtajia mama uigawe mafungu 12 yaliyo sawa. Kwa mpango wangu, mishahara ya saa 6 za kazi ilichukua mafungu 6. Usafiri wa watu wawili na muda wao wa njiani, 2. Dawa, vitambaa na kufua vitambaa, 1. Bima, simu na mwandika hesabu, 1. Yaliyobaki 2 ndiyo yangu, na ndiyo ya kukuzia biashara.

Watu wawili kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane na nusu ni saa tano na nusu kila mmoja, saa 11 za kazi. Mishahara ikachukua mafungu 11. Limebaki 1, na bado hujalipa usafiri, dawa wala bima, vyote vya mafungu 4. Ningekuwa nimepoteza mafungu 3 hata kama sakafu isingeharibika, ukiacha mteja wa saa saba aliyesubiri hadi akaahirisha.

Nikafungua kile kitabu cha ratiba nilichokuwa nakionea fahari na kuzipitia ziara zote za kwanza za miezi iliyotangulia. Karibu zote zilikuwa hivyo, nyingine kwa unafuu, nyingine vibaya zaidi. Nilikuwa nazifidia kwa ziara za nne na tano, ikiwa mteja atafika huko. Wengi hawafiki. Kadiri nilivyopata wateja wapya wengi ndivyo nilivyokuwa nikizamisha pesa, na wafanyakazi ndio walioubeba mzigo huo kwa miguu yao, wakikimbia. Haraka iliyompeleka kijana bafuni peke yake niliipanga mimi kwenye simu, siku tatu kabla, nilipotaja bei ya nyumba nisiyoiona.

Kuna ubishi wa siku nyingi katika kazi hii kuhusu kutoza kwa saa au kwa nyumba. Kwa saa, mteja anakaa akiitazama saa ya ukutani na mfanyakazi mwepesi anaonekana kuadhibiwa kwa wepesi wake. Kwa nyumba, makosa ya makadirio yote yanamwangukia mwenye biashara, naye asipokuwa mwangalifu anayasukuma kwa wafanyakazi. Nilipofikia mimi ni hapa: ziara ya kwanza natoza kwa saa za kazi, na tunakubaliana kikomo kisichovukwa bila mteja kuulizwa. Ziara ya tatu ikishapita najua nyumba inachukua muda gani kwa kweli, ndipo natoa bei moja ya kudumu. Baadhi ya watu wakisikia gharama ya ziara ya kwanza hukata simu. Mwanzoni iliniuma. Sasa naona ni nyumba ambazo zingenila.

Pamoja na kikomo naomba mteja anipangie vyumba: saa zikiisha, tuwe tumemaliza vyumba vipi, na kipi kingoje. Swali hili dogo ndilo lililokosekana kwenye ile simu ya saa sita. Dada angekuwa na orodha mkononi, angeacha sebule, akaingia bafuni yeye mwenyewe.

Nyumba mpya naenda kuiona kabla ya kutaja bei. Nilijaribu kwanza kuomba picha, zikanidanganya bila mtu kukusudia. Mtu anapiga picha upande uliopangika. Video ya kutembea chumba hadi chumba ni nzuri zaidi, na nyumba ya mbali naikubali. Lakini nikifika mwenyewe nachutama bafuni. Naangalia ukingo wa bamba, mlangoni au pembeni ya kaunta: kwenye jiwe mishipa ya rangi inapita ndani hadi upande wa pili, kwenye kigae rangi ni ya juu tu na ndani kuna udongo wa rangi moja. Naangalia pia kama ua au mshipa uleule unajirudia kwenye vipande viwili vitatu, maana kiwanda hurudia mchoro wake na mlima haurudii. Nikibaki na shaka naihesabu ni marumaru ya jiwe. Muda wa kwenda kuona hakuna anayenilipa moja kwa moja, kwa hiyo nimeuweka ndani ya gharama ya ziara ya kwanza.

Chupa zimebadilika. Haziandikwi tena jina la chumba. Kila moja ina jina la dawa, imechanganywa lini, na mistari miwili mikubwa: INAFAA WAPI, USIWEKE WAPI. Chupa inayobebwa na kila mtu, ya kutumika pale usipojua, ni ya sabuni yenye pH ya kati, karibu na 7. Yenye tindikali inakaa kwenye mfuko mwekundu, na anayeutoa mfuko anamwambia mwenzake kwa sauti anaipeleka wapi. Wengine waliona ni utoto, hasa huko kusema kwa sauti. Hilo sikulilegeza. Kuikausha sakafu kabla ya kuondoka, kwa upande mwingine, bado napigana nako. Mtu akichelewa, taulo kavu ndilo la kwanza kusahaulika.

Ratiba pia nimeipunguza. Siku yenye nyumba mpya haina mteja wa saa saba.

Yule kijana bado yuko nami, na ndiye anayewapokea wapya. Fundi wa mawe alipomaliza kazi yake alikuwa na kipande cha marumaru kilichobaki kwenye gari, ukubwa wa kitabu, nikamwomba. Siku ya kwanza ya mfanyakazi mpya, kijana hukiweka mezani kando ya kigae, akampa glavu, akafungua dirisha, akamwambia adondoshe tone moja moja kutoka mfuko mwekundu. Vyote viwili ni vyeupe, vyote vinang'aa. Kimoja kinatoa povu. Wanasubiri dakika mbili, wanasuuza, na kijana humwuliza mgeni kama anaona tofauti. Vikiwa na maji, hakuna anayeiona. Kisha anampa kitambaa kikavu. Kipande kile kimekwisha upande mzima sasa, na fundi ameahidi kuniletea kingine.